Mtoto Akilia, Nani Atasikia?

Kateni kucha. Hilo ndilo la kwanza, wanangu mnaoingia kwenye kazi hii sasa, na vyeti vyenu vipya na simu zenye kila kitu ndani. Kateni kucha, kisha sugueni viganja mpaka vipate joto, hasa huku kwetu Iringa ambako mwezi wa saba hata maji ya kunawa yanauma. Mtu asiyeona wala kusikia anakutana na wewe kwenye mikono yako. Ukimshika kwa mkono wa baridi wenye kucha ndefu, ni kama umeingia nyumbani kwake bila hodi, tena kwa fujo.

La pili sitawaficha: mtaogopa. Nimefundisha watoto viziwi wasioona mpaka nikastaafu, na sikumbuki asubuhi niliyokwenda kazini bila hofu. Mtoto anayesikia ukimwambia "simama!" anasimama. Anayeona ukimpungia mkono anarudi. Wa kwetu akishakuponyoka, sauti yako yote haina kazi. Unamwona anaelekea kwenye ngazi, na cha kumwokoa ni miguu yako tu. Walimu wa kitengo chetu hakuna aliyenenepa.

Kitengo chenyewe kilikuwa nyuma ya shule moja ya msingi upande wa Ilula, karibu na barabara kuu. Siku za gulio tuliwapeleka watoto kwa akina mama wanaouza nyanya, wajifunze kubonyeza iliyoiva na kunusa iliyoharibika. Abiria walichungulia kwenye madirisha ya mabasi wakitusikitikia. Mama mmoja, kwa kudhani watoto hawajui kitu, aliwapimia nyanya zilizokaribia kuoza. Msichana wetu mmoja, Atupele, akaipapasa ya kwanza, akaipapasa ya pili, kisha akaushika mkono wa yule mama, akakitafuta kidole chake na kukichomeka taratibu kwenye tundu la nyanya yake mwenyewe. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo alitutolea zilizo bora.

Huyo Atupele ndiye ninayetaka kuwasimulia. Alizaliwa milimani, juu ya Uyole kule Mbeya, akiwa mzima. Akiwa bado hajaanza shule akaugua homa ya uti wa mgongo, na ilipomwachia, masikio na macho yalikuwa yamekwenda nayo. Alipoletwa kwetu alikuwa msichana mkubwa kiasi, anauma watu, hakubali kuguswa. Sikumlaumu. Fikirieni mtu unakaa kwenye giza lisilo na sauti, halafu mikono isiyo na jina inatokea hewani, inakuvua nguo, inakuinua, inakuweka usikokujua.

Kwa hiyo kila mtu lazima awe na jina la kushikika. Langu lilikuwa bangili ya shaba. Nikimfikia mtoto, kwanza namgusa begani, nangoja, halafu nampa kifundo cha mkono aishike bangili. Akiishika anajua: ni mwalimu, na kinachofuata kitaelezwa. Usiruke hatua hiyo hata kama nyumba inaungua.

Lakini nilikuwa na jina la pili, ambalo watoto walidhani silijui. Siku moja nilikuwa nawafundisha kupika chai, nikawahimiza kweli: nusa kwanza, onja kwanza, usiamini kopo. Kisha mimi mwenyewe nikachota chumvi badala ya sukari, nikakoroga birika zima. Atupele alipiga funda moja, akalitema kwenye sketi yangu. Tangu siku hiyo, nikigeuza mgongo, walikuwa wakiandikiana viganjani alama ya chumvi, vidole vitatu vikisuguana, na mabega yao yakitikisika kwa kicheko. Nilijifanya sioni.

Atupele alijifunza lugha ya alama ya kugusa, akajifunza herufi za kiganjani, akajifunza kufuma masweta. Mikono ile iliyokuwa haikubali kuguswa ikawa ya ufundi. Alipokuwa mtu mzima alikutana na Gwakisa kwenye mkutano wa kanisa wa watu viziwi. Gwakisa ni kiziwi anayeona, seremala wa Mwanjelwa, Mbeya mjini, mtu mpole mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi siku zote. Walizungumza mkono kwa mkono mchana kutwa mpaka chakula chao kikapoa. Wakaoana, wakapanga vyumba vyao Mbeya, yeye Atupele akawa anafuma masweta ya shule. Mwaka niliostaafu, akapata mimba.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mama yake alinipigia simu kutoka shambani kwake. Sote tulimwita Mama Atupele. Ni mama wa viazi na mahindi, hodari, maisha yake yote mgongo umeinama, na ni mtu wa hofu.

"Ugonile, mwalimu," akaniamkia kwa Kinyakyusa, kisha bila kungoja: "Yule haoni wala hasikii. Mume naye hasikii. Sasa mtoto akilia, nani atasikia?"

Nawaambia kweli, nilimjibu maneno ya kanisani, Mungu atafanya njia, na nilipokata simu nikakaa kitandani nikijiuliza swali lilelile.

Tulipanga niwahi Mbeya kabla ya siku zake za kujifungua. Siku zikatuwahi. Nilikuwa sokoni Iringa mjini asubuhi ujumbe wa Gwakisa ulipoingia: "Mwalimu njoo. Atupele hospitali. Uchungu mbaya." Nikapanda basi la kwanza nililolikuta. Mafinga, Makambako, Igawa, kila kituo simu ilileta neno jingine. "Hawanielewi." Kisha: "Wamemfunga dripu anaing'oa." Kisha kimya. Jirani yangu kwenye siti alinipa muhogo wa kuchoma, nikaushika mpaka Mbeya bila kuumega.

Nilimkuta Gwakisa kwenye korido, mikono yake inazungumza kwa kasi hata mimi nikachanganyikiwa. Mama Atupele alikuwa ameketi sakafuni, ameuma upindo wa kitenge. Nesi mmoja, binti mwenye uso wa huruma, akaniambia: "Mama, mtoto amekaa vibaya, inabidi afanyiwe upasuaji. Lakini mgonjwa anatupiga. Ndugu wamekubali, ila yeye mwenyewe hatujui anaelewa nini."

"Haelewi chochote," nikasema. "Hakuna aliyemwambia. Nipelekeni kwake."

Daktari alikuwa mtu mzima, amechoka, lakini alisikiliza. Nikamweleza kwamba nahitaji kuingia na Atupele mpaka ndani, na kwamba mkono wake mmoja uachwe huru, usifungwe wala usichomwe dripu, maana kumfunga mikono yote miwili ni sawa na kumziba mdomo na masikio kwa pamoja. Akafikiri kidogo. "Sawa. Lakini utavaa kama sisi. Na hiyo bangili uvue."

Nilivaa gauni la kijani, barakoa, kofia. Nikanawa kwa dawa yao mpaka viwiko, nikavaa glavu. Nikaingia, nikamgusa Atupele begani, nikangoja, nikampa kifundo cha mkono.

Alipapasa. Hakukuta bangili. Alikuta mpira wa glavu, na pua yake ikakuta dawa. Akanisukuma kwa nguvu zote akatoa sauti ile ambayo sikuwahi kuisikia tangu mwaka ule alipoletwa kwetu, sauti ya mnyama aliyebanwa. Nikajaribu tena kumwandikia jina langu kiganjani. Akakunja ngumi. Mtu akishakunja ngumi umemaliza, huna pa kuandikia.

"Mama, muda," daktari akasema. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nilisimama pale nikiwa sina jina. Wanangu, nimewahi kupotelewa na mtoto sokoni, nimewahi kukuta mmoja amesimama katikati ya barabara kuu, lakini sijawahi kuishiwa kama nilivyoishiwa dakika ile. Kisha, sijui kwa nini, nikasugua vidole vitatu juu ya ngumi yake. Chumvi.

Ngumi ikatulia. Nikasugua tena. Chumvi. Ikafunguka kidogo kidogo, kidole kimoja kimoja, akaandika kiganjani mwangu juu ya glavu: "Ulijua?"

"Miaka yote," nikamwandikia.

Na katikati ya uchungu ule, tumbo lile kubwa likatikisika kwa kicheko.

Kisha ikaja kazi yenyewe. Nikamweleza: mtoto amelala vibaya, watakukata tumbo, wamtoe, wakushone. Akauliza: "Atakufa?" Nikamwandikia ukweli: "Wanafanya haraka asife. Unakubali?" Akanigongea ndiyo. Nikamweleza sindano ya mgongo, kwamba kuanzia kifuani kwenda chini hatahisi kitu. Hapo akaung'ang'ania mkono wangu. Ninyi mkichomwa ile sindano mnaendelea kuona taa na kusikia watu. Yeye ana ngozi tu. Kumtia ganzi ni kumzimia nusu ya dunia iliyobaki.

"Itarudi?" akauliza.

"Itarudi."

"Mkono wako unatetemeka."

Hilo, vijana, halina dawa. Mdomo unaweza kuukaza, uso unaweza kuupaka tabasamu. Mkono hausemi uongo. Msidhani mtawaficha watu hawa hofu yenu, kwa hiyo ni afadhali muitaje. Nikamwandikia: "Naogopa. Lakini siondoki." Akanijibu: "Mimi pia. Usiondoke."

Sindano ilipoingia alianza kupotea vipande vipande. "Miguu imekwenda," akaniandikia. "Kiuno kimekwenda." Nikawa namtajia kila kinachotokea: wanapaka dawa, wameanza, utahisi kuvutwa. Kisha pakawa na dakika ambayo mtoto alikuwa ametoka na halii. Nesi yule na mwenzake walikuwa wameinama kwenye meza ya pembeni, wamenipa mgongo. Atupele akauliza: "Yuko wapi?" Nikainua shingo nione. Akauliza tena, akabonyeza kwa nguvu mpaka kiganja kikauma. Nikaandika: "Ametoka. Bado hajalia. Wanamhudumia." Sikuongeza wala kupunguza. Sisi wawili tukashikana hivyo, tukangoja.

Akalia. Kilio chembamba, cha hasira. Nikaandika herufi zikipandana: "Analia! Analia! Msichana!" Na nesi yule, bila kuambiwa na mtu, akamleta akamlaza kifuani kwa mama yake juu kabisa, karibu na shingo, mahali ambapo ngozi ilikuwa bado hai. Atupele aliweka kiganja mgongoni kwa mwanawe, akatulia. Kisha akaniandikia kwa vidole vizito: "Nasikia."

Wakamwita Faraja. Lakini hadithi haikuishia hapo.

Walipotoka hospitali, Mama Atupele alikuja pale chumbani Mwanjelwa na tenga la viazi na khanga mbili mpya. Zile khanga zilikuwa za kumbebea mtoto. "Nimekuja kumchukua," akasema. "Nitamlea kule juu mpaka afike umri wa shule. Maziwa ya ng'ombe yapo."

Mimi nilikaa katikati, mkono wangu wa kulia kwenye kiganja cha Atupele, wa kushoto ukimwonyesha Gwakisa ninavyoweza. Hii ni sheria ya ukalimani: kila kinachosemwa mbele ya mtu ni chake. Huchuji.

"Mwalimu, mimi simchukii mwanangu," Mama Atupele akaendelea, sauti imeanza kukatika. "Wewe hukumwona alivyokuwa. Nilikuwa peke yangu, baba yake alishafariki. Nikienda shamba namwacha na nani? Jikoni kuna moto. Nilikuwa namfunga kamba kwenye nguzo, kama mbuzi. Narudi namkuta amejizungusha mpaka kamba imekwisha. Hilo usimwambie."

"Mama," nikasema, "nimeshamwambia."

Akaziba mdomo. Atupele alikaa na maneno yale mkononi, kisha akaanza kuandika taratibu, nami nikayasema maneno yake kwa sauti kama yalivyokuja.

"Naikumbuka kamba. Ilikuwa inanuka moshi. Nilijua ikiwepo, mama atarudi. Siku ambazo haikuwepo ndizo nilizokuwa nalia."

Mama Atupele alilia kwa kwikwi, bila aibu, akisema "ndaga, ndaga, mwanangu," pole yao ile ya Kinyakyusa. Atupele akamngoja amalize, maana nilimweleza kwamba mama analia. Kisha akaongeza: "Lakini mwanangu simtoi. Kaa hapa, mama. Utazame. Nikishindwa, utamchukua."

Wanangu, nilipoyatamka maneno yale nilijiuliza na mimi. Je, akishindwa?

Gwakisa alijibu kwa mbao. Alitengeneza kitanda cha mtoto, akakiunga kwa ubao na benchi analokalia Atupele akifuma. Alichojua ni kwamba mtoto mchanga halii kwa mdomo peke yake, analia kwa miguu, kwa mgongo, kwa mwili mzima. Akirusha miguu kitandani, benchi litatetemeka. Mimi nilibaki wiki ile, na Mama Atupele naye. Tulikubaliana hatutamgusa mtoto mpaka mama yake apewe nafasi.

Siku ya kwanza ilikuwa mbaya. Faraja alilala upande, miguu imejibana kwenye blanketi, akaanza kulia bila kurusha hata kidole. Atupele akaendelea kufuma, uso umetulia kama maji ya ndoo. Kilio kikapanda. Mama Atupele alikalia mikono yake mwenyewe. "Hasikii," akaninong'oneza. "Unaona? Hasikii, mwalimu. Mtoto atapasuka." Mimi nilikuwa nahesabu misumari ya mlangoni nisiutazame uso wa mtoto. Hatimaye bibi yake hakuweza kuvumilia. Aliruka, akamnyakua.

Benchi likatikiswa na ule mruko, ndipo Atupele akashtuka. Akapapasa kitanda. Akakikuta kitupu.

Msiombe kuuona uso ule. Nilimfikia haraka nikamwambia: yuko salama, yuko kwa bibi, alikuwa analia. Akauliza: "Kwa muda gani?" Nikamwambia: "Muda mrefu." Akaweka sindano za kufumia chini, hakuzigusa tena siku hiyo.

Jioni Gwakisa akabomoa kitanda. Alitoa godoro, akaweka chini yake vibao vyembamba vilivyokazwa kama kamba za ngoma, hata ukigusa kwa kidole unasikia mtetemo kwenye benchi. Atupele naye akabadilisha mambo yake. Akavua kiatu kimoja, akawa anafuma mguu mmoja mtupu umepenyezwa kitandani, unyayo umeegemea mbavu za mtoto.

Kesho yake Faraja alilia tena. Nilitazama ule unyayo. Ulikunja vidole hata kabla kilio hakijakomaa. Atupele akaweka uzi pembeni, akainama, akanusa kwanza nepi, akagusa shavu, mtoto akaligeukia titi. Mama Atupele alikuwa bado amekalia mikono. Alipoitoa ilikuwa imebaki na alama za mkeka.

Sitaki mdhani hofu iliisha. Zilikuja siku za mafua, siku za mtoto kujifunza kutambaa, ambapo Atupele alimfunga njuga mguuni zisizo na maana kwake ila kwa majirani, na mwenyewe akamfunga uzi wa sufu kiunoni, mwisho wake kwenye kidole chake. Bibi alipanda milimani kulima, akashuka, akapanda tena. Nami kule Iringa, simu ikilia tu, niliidaka kabla haijalia mara ya pili.

Mara ya mwisho kuwatembelea kabla Faraja hajaanza kutembea, tuliketi mkekani mchana, bibi upande huu, Atupele upande ule, mtoto katikati. Faraja akataka kitu. Akamgeukia bibi yake, akapiga kelele: "Eeh! Eeh!" Bibi akampa mkate, mtoto akausukuma. Basi akatambaa mpaka kwa mama yake, na hapo hakutoa sauti hata kidogo. Aliuchukua mkono wa Atupele, akaufungua, akaweka ngumi yake ndogo ndani ya kiganja, akaifumba na kuifumbua. Atupele akafungua blauzi.

"Amefanya nini pale?" Mama Atupele akaniuliza.

"Ameomba maziwa. Ndiyo alama yenyewe."

"Mbona kwangu anapiga kelele?"

"Kwa sababu wewe unasikia, mama. Ameshajua nani anaongea vipi."

Alibaki akiwatazama. Miaka yote ile alikuwa amemvuta binti yake, amemsukuma, amemvika, amemlisha, amemwombea. Hakuwahi kumwambia neno. Nikamwona anajifuta viganja kwenye khanga, mara mbili, kama anayetaka kukanda unga. Kisha akanyoosha mkono wake wenye sugu mbele yangu.

"Nifundishe na mimi."

"Uanze na neno gani?"

Nilidhani atataja la ile kamba. Akafikiri. "Nataka kumwuliza kama amekula."

Nikamwonyesha, vidole vimekusanywa kwenda kinywani, kisha pigo dogo la kidole la kuuliza. Akajaribu hewani, akakosea, akajaribu tena. Kisha akasogea, akamgusa binti yake begani, akangoja kama alivyoniona nikifanya, akauchukua mkono wake na kuuliza.

Atupele alishtuka, akaupapasa ule mkono kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko kuhakikisha ni wa nani. Alipoutambua, akajibu kwa alama moja fupi.

Nikafungua mdomo niseme.

"Acha, mwalimu, usitafsiri," Mama Atupele akasema, tayari anainuka kuwasha jiko. "Nimeelewa. Bado hajala."